Pepa yako ya kwanza ya utafiti uipeleke wapi? Jarida la nyumbani, la kulipia kusoma, huria, au priprinti

Kuna swali naulizwa sana na wadogo zangu wa masta na hata wa PhD, tena wanauliza saa tano usiku washachanganyikiwa: "Kaka, pepa nimemaliza, supavaiza kasema nitafute jarida, sasa naipeleka wapi?" Ukimuuliza supavaiza kasema jarida gani, anajibu kasema tu "lenye jina". Lenye jina kwa nani? Hapo ndo kazi inaanzia.

Sasa leo nalinganisha njia nne ambazo mtafiti mchanga wa huku kwetu anaweza kuzishika kweli, na ya tano ambayo sio njia, ni shimo, ila lazima niitaje maana wengi ndo wanapotumbukia. Mimi nafanya kazi ya sumukuvu kwenye mahindi kanda ya kati kwa hiyo mifano mingi inatoka huko, wa sheria na wa uhandisi mtanisamehe, mtageuza wenyewe.

Kabla hujafungua laptop kutafuta jarida jijibu vitu viwili. Nani asipoisoma hii pepa utakuwa umefanya kazi ya bure? Na umebakiza muda gani kabla ya kudifendi, yaani kutetea tasnifu yako? Watu wanakimbilia impakti fakta, yaani ile namba ya wastani wa pepa za jarida zinavyonukuliwa, wakati haya mawili hawajayajibu.

Hilo la nani atasoma sio la kinadharia. Ebola ilipolipuka Liberia mwaka 2014 watu wengi walidhani ni ugonjwa mgeni kabisa pale. Aprili 2015 Bernice Dahn, wakati huo mganga mkuu wa serikali ya Liberia, akaandika na wenzake kwenye New York Times kwamba kumbe kulikuwa na pepa ya watafiti wa Ulaya ya mwaka 1982, wamepima damu za Waliberia wakakuta kingamwili za Ebola, wakaandika waziwazi kwamba Liberia ihesabiwe kwenye ukanda wa ugonjwa huo. Hakukuwa na mwanasayansi wa Liberia kati ya waandishi, na kuipakua ilikuwa dola 45, karibu nusu ya mshahara wa wiki wa daktari wa kule. Miaka 32 kitu kimekaa kwenye jarida zuri tu, lenye jina.

Sasa weka pembeni yake sumukuvu ya Kenya ya 2004, Makueni na Kitui huko, watu 317 wakaugua na 125 wakafariki. Pepa za ule mlipuko zikatoka 2005 kwenye Environmental Health Perspectives, jarida la taasisi ya serikali ya Marekani ambalo unafungua unasoma, hakuna mtu anakuomba kadi ya benki. Yalipotukuta sisi 2016 Dodoma na Manyara, wagonjwa 68, vifo 20, kitu cha kwanza nilichosoma mimi ni zile za Kenya, kwenye simu, nimekaa stendi nasubiri basi, kwa bando la jero.

Haya tuje kwenye zenyewe.

Jarida la nyumbani

Nasemea Tanzania Journal of Science la Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM), Tanzania Journal of Health Research la NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, African Health Sciences la Makerere, na mamia mengine yanayopatikana AJOL (African Journals Online), ule mtandao ulioanza 1998 na sasa makao yake ni Afrika Kusini, una majarida zaidi ya 500 ya bara hili.

Uzuri wake mkubwa kwangu sio bei, ni wapitiaji, wale wataalamu wanaoihakiki pepa kabla haijachapishwa. Pepa yangu moja ilipitiwa na mtu wa nyumbani na mwingine wa nje, kwa majarida tofauti. Wa nje aliuliza kwa nini wakulima hawatumii mashine za kukaushia nafaka. Wa nyumbani aliuliza: mahindi haya yalipukuchuliwa kwa mashine au yalipurwa kwa fimbo ndani ya gunia? Mimi hata sikuwa nimeandika. Na ndo swali lenyewe, maana ukipiga fimbo punje zinapasuka na punje iliyopasuka kuvu inaingia kama iko kwake. Ikabidi nirudi Kongwa kuuliza kaya moja moja, na ile safu moja niliyoongeza kwenye jedwali ndo ikawa matokeo makuu ya pepa. Huyo mpitiaji simjui mpaka leo ila nikimjua namnunulia soda.

Ubaya ni muda, na hapa nina kidonda. Jarida moja la nyumbani, silitaji, nilituma Februari. Machi kimya, Juni kimya, imeili hazijibiwi, Novemba nikapanda basi nikaenda ofisini kwao. Chumba kimoja, kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma, dada wa pale mkarimu kabisa ananiambia mhariri yuko safari, njoo Jumatatu. Jumatatu mhariri akafungua imeili mbele yangu, pepa haijawahi kutumwa kwa mpitiaji yeyote. Na sikuweza hata kukasirika vizuri maana yule mzee anafundisha kozi tatu, anasahihisha mitihani ya wanafunzi mia nne na kazi ya uhariri halipwi senti. Majarida yetu mengi yanaendeshwa hivyo, kwa moyo wa mtu mmoja, moyo ukisafiri jarida linalala.

Shida nyingine ni kwamba baadhi hayana DOI (namba ya kudumu ya pepa mtandaoni), tovuti inalala wiki nzima, na mengi hayamo Scopus, ile orodha ya kimataifa ya majarida yanayotambulika, kwa hiyo kamati ya kupandisha vyeo wanakupa pointi nusu au wanakukunjia uso. Ila usiyabebe yote kwenye kapu moja. AJOL wana mfumo wa nyota unaitwa JPPS, jarida linapewa kuanzia bila nyota mpaka nyota tatu kulingana na linavyoendeshwa, dakika mbili umeshaona. Kisha angalia toleo la mwisho limetoka lini, kama lilitakiwa kutoka mara nne kwa mwaka na la mwisho ni la mwaka juzi, kaka hapo usiache mzigo wako.

Na nyie wa isimu na fasihi ya Kiswahili kwenu hesabu ni nyingine kabisa. Kuna jarida la Kiswahili la TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Mlimani, kuna Swahili Forum linalotolewa Ujerumani na linasomwa bure mtandaoni, unaandika kwa Kiswahili na wanaokusoma ndo haohao wanaojua unaongea nini. Kuhangaika na jarida la isimu ya jumla Uingereza ambalo mpitiaji atataka kila methali uitafsiri na kuieleza, mi sioni faida yake kwa pepa ya kwanza.

Jarida kubwa la kulipia kusoma

Hiki kitu vijana wengi hawakijui na kinaniuma: kuchapisha nje sio lazima ulipe. Wachapishaji wakubwa kama Elsevier, Springer, Wiley, Taylor & Francis wote bado wana majarida mengi ambayo mwandishi halipi hata mia, anayelipa ni msomaji au maktaba. Kwenye fomu watakuuliza unataka njia ya huria (kila mtu anasoma bure, mwandishi analipa) au ya kawaida, watu wanaogopa wanabonyeza huria wakidhani ndo lazima, wanaletewa ankara wanazimia. Bonyeza ya kawaida.

Ukija kwenye muda, mara nyingi wana faida moja ambayo haisemwi: wanakukataa haraka. Wiki mbili tatu mhariri anakwambia haitufai, hata haijafika kwa wapitiaji. Inauma siku mbili, lakini linganisha na ule mwaka wangu wa kitambaa cha kufuma. Kukataliwa mapema unabadilisha mpangilio wa marejeo unapeleka kwingine wiki hiyohiyo.

Kamati zinayapenda, Scopus yamo, jina lipo. Kinachoumia ni msomaji. Sisi wa vyuoni tunapona kupitia Research4Life, ule mpango ulioanza na HINARI 2002 wa afya na AGORA 2003 wa kilimo, maktaba inapewa nywila bure au kwa bei ndogo kutegemea nchi. Maktaba yetu nywila iliandikwa kwenye kikaratasi kimebandikwa ndani ya droo ya mkutubi, unaenda unainama unaikopi, mkutubi anajifanya haoni. Sasa afisa ugani wa kata droo hiyo anaipatia wapi? Au bwana afya wa wilaya?

Dawa ipo nusu. Wachapishaji wengi wanaruhusu toleo lililokubaliwa, yaani faili lako la mwisho baada ya marekebisho ya wapitiaji lakini kabla hawajalipanga kurasa, uliweke kwenye hazina ya chuo chako, ile tovuti ya kuhifadhi kazi za watu wa chuo, kawaida baada ya kusubiri mwaka mmoja hivi, wengine zaidi. UDSM wanayo hazina, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine) wanayo, Nairobi wanayo. Karibu hakuna anayefanya. Na ukiuliza kwa nini, jibu ni kwamba lile faili walishalifuta, wamebaki na PDF ya jarida ambayo hairuhusiwi kuwekwa. Lihifadhini jamani, lipe jina hata "ILIYOKUBALIWA_USIFUTE".

Huria ya kulipia mwandishi

Hapa kila mtu duniani anasoma, na wewe ndo unalipa. Jarida la PLOS ONE, ambalo ni la tangu 2006, haikuulizi kama matokeo yako yana msisimko, inauliza kama kazi imefanyika sawasawa, na mimi huo msimamo naupenda sana kwa sababu matokeo ya "hatukuona tofauti" yanapata pa kukaa. Ila ada yake imepita dola 2,000, piga kwa shilingi inavuka milioni 5. Jarida maarufu la Nature walipofungua njia ya huria 2021 waliweka euro 9,500, hiyo hata usiibadilishe kuwa shilingi utapata presha.

Kuna msamaha wa ada, na hapa ndo watu wanapotea kwa sababu orodha haziko sawa. Wachapishaji wengine wanafuata orodha ya Research4Life, wengine wanafuata madaraja ya kipato ya Benki ya Dunia. Tanzania Julai 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha kuwa nchi ya kipato cha kati daraja la chini, tukashangilia kwenye redio, kumbe kwa mtu mwenye pepa mkononi maana yake ni kwamba kwa baadhi ya wachapishaji msamaha mzima unaweza kugeuka nusu. Nusu ya milioni 5 bado sina! Kwa wanaofuata Research4Life sisi bado tuko kundi la kusamehewa. Ndugu zetu wa Kenya muwe makini zaidi, nyie hamumo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni, msije mkadhani kwa sababu rafiki yako wa Burundi kasamehewa na wewe utasamehewa.

Na msamaha unaombwa mwanzo, wakati unatuma au kabla kabisa. Wengi wanasema waziwazi kwamba pepa ikishakubaliwa mlango umefungwa. Mwenzangu mmoja aliona aibu kuomba, akasema akikubaliwa ndo ataongea nao, akakubaliwa, hawakuongea naye.

Jingine, kulipiwa au kulipa sio dhamana ya heshima. Wiley walinunua Hindawi, mchapishaji wa majarida huria, 2021 kwa dola milioni 298, na 2023 pepa zaidi ya 8,000 za Hindawi zikaondolewa kwa sababu matoleo yao maalum yaliingiliwa na viwanda vya pepa feki, yaani watu wanaotunga pepa za utafiti za uongo na kuziuza. Mwaka huohuo Web of Science, orodha nyingine kama Scopus, wakafuta majarida 19 ya Hindawi na hata lile kubwa la mchapishaji MDPI la afya na mazingira, IJERPH. Fikiria wewe umepeleka kazi yako halali pale kwa nia njema, umeitolea jasho, halafu kamati inakaa mwaka unaofuata jarida halipo kwenye orodha. Kwa hiyo ukialikwa kwenye toleo maalum na mtu usiyemjua, kwa haraka, tulia kwanza.

Kuna huria ya namna nyingine ambayo mwandishi halipi wala msomaji halipi, zinaendeshwa na vyuo na vyama vya kitaaluma. Ingia DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida huria, ipo tangu 2003, weka kichujio cha majarida yasiyotoza ada. Nashangaa watu wanaanza kutafuta hela kabla ya kufanya hili.

Priprinti

Priprinti ni pepa unayoipandisha mtandaoni kabla haijapitiwa. Wa fizikia na hesabu wana arXiv tangu 1991, wa baiolojia bioRxiv tangu 2013, wa tiba medRxiv tangu 2019, na Waafrika tukapata AfricArXiv 2018. Bure, siku chache iko hewani, na ina tarehe, kwa hiyo mtu hawezi kuja kesho kusema wazo lilikuwa lake. Kwa mtafiti mchanga ambaye data zake ziko kwa supavaiza, kwa mfadhili, kwa mwenzake wa Ulaya, hiyo tarehe ni hati ya kiwanja.

Lakini kamati ya kudifendi haihesabu. Usidanganyike. Na kama kazi yako inagusa dawa au chakula mtu anaweza kuichukua mbichi akaipeleka gazetini kabla haijaiva, mimi nikiandika sumukuvu imezidi kwenye mahindi ya wilaya fulani nitaua soko la watu kwa namba ambayo pengine ina kosa la maabara. Ingawa hata kupitiwa sio kinga kamili, jarida kubwa la tiba la Lancet walichapisha pepa ya dawa za malaria kwa wagonjwa wa korona tarehe 22 Mei 2020, data zimetoka kampuni ya Surgisphere, tarehe 4 Juni wakaiondoa maana data hazikuweza kuthibitishwa. Siku 13 tu, na hapo ni Lancet.

Muulize supavaiza kabla, na angalia jarida unalolitaka linasemaje kuhusu priprinti, mengi siku hizi hayana neno.

Na vishoka

Hawa ndo lile shimo la tano, majarida ya uongo yanayochukua hela bila kuipitia pepa. Hawa wanakuandikia wenyewe. "Mheshimiwa Profesa, tumevutiwa na kazi yako adhimu", wakati mimi nilikuwa hata masta sijamaliza, na jarida ni la meno. Wiki moja umekubaliwa, hakuna swali hata moja, lipa dola 150 kwa Western Union.

Mwaka 2013 mwandishi wa jarida la Science, John Bohannon, alitunga pepa ya uongo yenye makosa ambayo mwanafunzi angeyaona, akatuma kwa majarida 304 ya huria, 157 yakaikubali. Na majina ya waandishi na vyuo aliyobuni yalikuwa ya Kiafrika. Alikuwa na sababu zake, lakini mimi nilipoisoma nilikaa kimya muda, maana ndo picha yetu kwa wenye biashara hii, ndo wateja. OMICS, mchapishaji wa Hyderabad, India, mahakama ya Marekani iliiamuru 2019 ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti, na orodha ya majarida ya vishoka ya Jeffrey Beall ambayo watu bado wanainukuu ilishaondolewa mtandaoni Januari 2017, kwa hiyo "halimo kwa Beall" haina maana yoyote leo.

Dada mmoja niliyesoma naye alilipa. Data nzuri za miaka miwili, wanawake 200 wa kijijini waliotoa maziwa yao yapimwe. Kamati ikamkatalia. Akaandika kuomba waitoe ili aipeleke jarida la kweli, wakamwambia kutoa ni dola 300. Akalipa tena? Hakulipa, iko huko mpaka leo, na kwa kuwa imeshachapishwa hakuna jarida jingine litaigusa. Hilo ndo watu hawalioni, wanadhani wanapoteza dola 150, kumbe wanapoteza data.

Sasa unachagua vipi

Ukiwa umebakiza miezi sita kudifendi, jarida la nyumbani uende tu kama una uhakika linatoka kwa wakati, yaani umeongea na mtu aliyechapisha pale mwaka huu, sio 2015. La sivyo jarida la nje la kulipia kusoma, upate jibu haraka. Huria usiitegemee kama msamaha hujaupata kwa maandishi.

Ukiwa na muda na matokeo yako yanahitajika wilayani, mi ningeenda nyumbani kwenye nyota mbili au tatu, au huria isiyotoza. Ukiwa na mfadhili wa nje ambaye mkataba unasema yeye analipa ada, nenda huria bila kujiuliza mara mbili, hiyo hela ukiiacha hairudi kwako. Ukiwa fizikia au hesabu weka arXiv kwanza hata hujafikiri.

Yangu ya mwisho nilichanganya: priprinti kwanza kwa idhini ya supavaiza, kisha jarida la nje la kulipia kusoma, na toleo lililokubaliwa nimeliweka hazina ya chuo. Nikatuma kiungo kwenye grupu la WhatsApp la maafisa ugani. Mmoja akajibu, "Asante mtaalamu, ile ya Kiswahili utatuma lini?" Nikaandika kurasa mbili, na picha ya gunia na fimbo. Pointi za kupanda cheo kwa zile kurasa mbili ni sifuri, na ndo kitu changu pekee ambacho nimewahi kukiona kimebandikwa ukutani, ofisi ya kata, pembeni ya tangazo la chanjo ya kuku.

Kitu kimoja cha kiufundi nilisahau: kabla hujabonyeza kutuma angalia nani kaandikwa mwandishi wa mawasiliano. Mara nyingi nchi yake ndo inayotumika kuamua msamaha wa ada, na nimeona pepa za watu watano wa Morogoro zikikosa msamaha kwa sababu aliyewekwa pale ni profesa mmoja wa Ulaya aliyesoma rasimu mara moja.